Kubuni Ligandi Nyumbufu za Daraja: Mwongozo Kamili kutoka Karatasi hadi Fuwele

Ligandi ya daraja ni molekuli iliyo na angalau atomu mbili zenye jozi huru za elektroni, zilizowekwa mbali kiasi kwamba haziwezi kushika ioni moja ya metali kwa pamoja, hivyo kila moja hulazimika kutafuta ioni yake. Ligandi hiyo ikiwa kakamavu kama 4,4'-bipiridini, ambayo nitrojeni zake mbili zimetengana kwa takriban angstromu 7.1 (angstromu ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita) na kutazama pande zinazopingana, mbunifu anajua tangu mwanzo kwamba ioni mbili za metali zitakaa kwenye mstari mmoja, umbali wa angstromu 11 hivi. Vikundi vya methilini (CH2) vikiingizwa kati ya pete hizo mbili, uhakika huo hupotea. Molekuli ileile inaweza kunyooka na kuunganisha metali zilizo mbali, au kujikunja na kuzifungia mbili ndani ya kitanzi kidogo.

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa uzamili au mtafiti aliye na maabara ya kawaida ya kemia ya oganiki na ambaye anataka kubuni ligandi ya namna hiyo mwenyewe, badala ya kuagiza iliyopo kwenye katalogi na kusubiri kuona itatoa nini. Msimamo wangu ni kwamba unyumbufu ni gharama, na kila bawaba (bondi inayoweza kuzunguka) unayoiweka katika molekuli lazima iwe na kazi unayoweza kuitaja kabla hujaanza kuitengeneza.

Hatua ya kwanza: amua unachotaka kujenga

Malengo ni mengi, lakini kwa vitendo yanaangukia makundi mawili. La kwanza ni vitu vyenye mwisho, kama vile vitanzi, vizimba na miundo iliyopenyezana, ambavyo vinaweza kuishi ndani ya myeyusho. La pili ni vitu visivyo na mwisho, yaani minyororo, matabaka na mitandao ya pande tatu, ambavyo huishi ndani ya fuwele tu. Tofauti hii huamua karibu kila uchaguzi utakaofuata, kwa sababu kitanzi huhitaji ligandi iliyo tayari kujikunja, ilhali mtandao wenye vinyweleo vipana huhitaji ligandi itakayobaki imenyooka hata baada ya kiyeyushi kuondolewa.

Ikiwa lengo lako ni nyenzo yenye vinyweleo vya kudumu, fikiri mara mbili kabla ya kuchagua ligandi nyumbufu. Mitandao mingi iliyojengwa kwa mikono mirefu ya methilini hujaza nafasi zake yenyewe kwa kupenyezana, au huporomoka inapokaushwa. Ikumbukwe pia kwamba mtandao unaweza kunyumbuka bila ligandi yake kunyumbuka. Nyenzo ya mtandao iitwayo MIL-53, iliyotoka katika kundi la Gérard Férey mjini Versailles mwaka 2002, hupanuka na kusinyaa kulingana na kilichomo ndani yake, na bado imejengwa kwa terefthaleti, ambayo ni kakamavu kabisa. Kinachojongea pale ni maungio kati ya kaboksileti na metali. Anayetaka nyenzo inayopumua namna hiyo hana sababu ya lazima ya kuongeza methilini.

Hatua ya pili: chagua atomu zitakazoshika metali

Kanuni ya asidi na besi ngumu na laini, iliyotolewa na Ralph Pearson mwaka 1963 na isemayo kwamba ngumu hupendelea ngumu na laini hupendelea laini, inatosha kuanzia. Kaboksileti hupendelea ioni ngumu kama vile za lanthanidi, aluminiamu na zirkoniamu. Salfa hupendelea fedha, zebaki na paladiamu. Nitrojeni za pete za aromatiki zipo katikati, nazo hufanya kazi vizuri na zinki, kobalti, nikeli, shaba, kadimiamu na fedha, ndiyo maana sehemu kubwa ya ligandi nyumbufu zinazofahamika zimejengwa kwa piridini, imidazoli, triazoli au pirazoli.

Pete hizi hazilingani kwa nguvu. Asidi zake jozi (pete ikiwa imeshika protoni) zina pKa, kipimo ambacho kikiwa juu humaanisha pete hushika protoni kwa nguvu zaidi, ya takriban 5.2 kwa piridini, 7.0 kwa imidazoli na 2.5 kwa pirazoli, kwa hiyo imidazoli hushika metali kwa nguvu zaidi, na pirazoli hutoka kwa urahisi pale maji au anioni (ioni yenye chaji hasi) inapogombea nafasi ileile. Nguvu ikizidi si faida daima. Bondi inayoundwa bila kuweza kuvunjika tena haimpi mfumo nafasi ya kusahihisha makosa, na matokeo yake ni unga usio na mpangilio unaoanguka chini ya chupa ndani ya sekunde chache.

Jambo linalosahaulika mara nyingi zaidi ni mwelekeo wa jozi huru. Katika piridini iliyounganishwa kwenye nafasi ya 4, jozi huru inatazama mbele moja kwa moja, kwenye mstari wa bondi inayoiunganisha na mkono. Ikiunganishwa kwenye nafasi ya 3, inatazama kwa pembe ya takriban digrii 120. Imidazoli iliyounganishwa kupitia nitrojeni yake ya kwanza hutoa pembe ya takriban digrii 145. Pembe hizi hazibadiliki hata mkono uzunguke vipi, hivyo ndizo sehemu ya muundo unayoweza kuitegemea. Zichore kwanza, kisha ndipo ufikirie mkono.

Hatua ya tatu: jenga uti wa kati, bawaba moja baada ya nyingine

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Bawaba ya kawaida ni bondi moja kati ya kaboni mbili zilizoshiba. Bondi kama hiyo katika butani ina mikao mitatu: mmoja ulionyooka na miwili iliyopinda, na mikao iliyopinda ina nishati ya juu kwa takriban 3.8 kJ/mol tu. Kiasi hicho ni kidogo ukilinganisha na bondi ya koordinesheni, na hata nguvu za mpangilio wa fuwele zinaweza kukifidia. Kwa sababu hiyo, usimwamini mtu anayekuambia kwamba ligandi fulani hupendelea kunyooka kwa sababu tu fuwele ya ligandi yenyewe, isiyo na metali, inaonyesha hivyo.

Idadi ya mikao hupanda haraka. 1,2-bis(4-piridili)ethani ina bondi moja tu kati ya methilini zake, kwa hiyo ina mkao ulionyooka na ule uliopinda, basi. 1,3-bis(4-piridili)propani ina bondi mbili, mikao yake tisa hujikusanya katika minne kwa sababu ya ulinganifu, na umbali kati ya nitrojeni zake mbili hutofautiana kutoka angstromu 9 hadi 10 inaponyooka kabisa hadi karibu angstromu 4 au 5 inapojikunja mara mbili kuelekea upande mmoja. Mnyororo wa methilini nne una bondi tatu za ndani na michanganyiko 27. Kuanzia hapo, kusema kwamba unabuni umbo ni kujidanganya; unachobuni ni umbali wa juu kabisa ambao ligandi haiwezi kuuvuka.

Kuna gharama nyingine isiyoonekana kwenye karatasi. Kila bondi inayozunguka ikifungwa kwenye mkao mmoja, mfumo hupoteza entropia (uhuru wa mpangilio) inayolingana na takriban 2 hadi 6 kJ/mol katika joto la chumba. Ligandi yenye bondi sita huru inaweza kulipa kodi ya kutosha kuifanya izidiwe na kiyeyushi katika kugombea metali iliyo dhaifu. Ndiyo maana mikono mirefu ya methilini nane au kumi, inayopendeza sana katika mchoro, huishia mara nyingi kuwa gundi.

Idadi ya methilini ina athari ya shufwa na witiri inayofaa kutumiwa. Mnyororo wenye idadi shufwa, ukinyooka, huelekeza ncha zake mbili pande zinazopingana, hivyo huzaa mistari na zigizagi. Wenye idadi witiri huelekeza ncha zote mbili upande mmoja kwa umbo la V, hivyo huwa na mwelekeo wa vitanzi, mawimbi na hesi. Ni mwelekeo tu, na mkao mmoja uliopinda unatosha kuubatilisha, lakini katika mfululizo wa ligandi zinazotofautiana kwa methilini moja moja utaona tofauti hiyo ikijitokeza tena na tena.

Njia ninayoipendekeza kwa anayeanza ni ya kati: weka pete ya benzini katikati na methilini moja kila upande. Mfano wake maarufu ni 1,4-bis(imidazoli-1-ilimethili)benzini, unaofupishwa kuwa bix. Pete ya benzini ni kakamavu, kwa hiyo umbali wa chini na wa juu unajulikana. Methilini mbili ni bawaba, na swali la msingi linabaki moja tu, yaani kama imidazoli mbili zimekaa upande mmoja wa pete ya benzini au pande mbili tofauti. Ukibadilisha nafasi za mikono kutoka 1,4 kwenda 1,3, kitanzi kinakuwa rahisi zaidi kufunga. Ukienda 1,2, ncha mbili hukaribiana kiasi kwamba ligandi inaweza kuanza kushika ioni moja kwa nitrojeni zote mbili, na hapo hujabuni daraja tena.

Bawaba inaweza pia kubanwa nusu. Ukitaka mikono mitatu itazame upande mmoja, anza na benzini yenye makundi matatu ya ethili kwenye nafasi 2, 4 na 6, na mikono kwenye nafasi 1, 3 na 5. Makundi sita yaliyosongamana hujipanga kwa zamu, moja juu na linalofuata chini, hivyo ethili zote huelemea uso mmoja wa pete na mikono yote huelemea uso wa pili. Bei yake ni hatua chache zaidi za usanisi, na mara nyingi inafaa kulipwa, hasa kwa vizimba.

Hatua ya nne: pima kwenye kompyuta kabla ya kununua kemikali

Usitumie nguvu nyingi hapa, lakini usiruke. Chora molekuli katika Avogadro, ambayo ni bure, kisha tafuta mikao yake kwa programu ya CREST inayotumia xtb (programu ya kukokotoa nishati ya molekuli), nazo pia ni bure kwa watafiti. Kompyuta ya mezani ya kawaida itamaliza ligandi ya ukubwa wa bix haraka. Andika mambo matatu: umbali mfupi na mrefu kabisa kati ya atomu zinazoshika, pembe kati ya jozi huru katika kila mkao, na tofauti ya nishati kati ya mikao. Ikiwa mikao miwili inayoweza kutoa miundo tofauti kabisa imetengana kwa chini ya 5 kJ/mol, jiandae kupata yote miwili.

Baada ya hapo angalia wengine walipata nini. Hazina ya Miundo ya Cambridge, inayokusanya miundo ya fuwele na iliyoanzishwa mwaka 1965, ilivuka miundo milioni moja mwaka 2019. Kuitafuta yote kwa mchoro wa molekuli kunahitaji leseni, lakini muundo mmoja mmoja unaweza kuombwa bila malipo, na Hazina Huria ya Fuwele haihitaji leseni yoyote. Tafuta kipande cha ligandi yako pamoja na metali uliyoichagua, kisha pima umbali wa metali hadi metali katika miundo yote utakayoipata. Mtawanyiko wa vipimo hivyo utakufundisha zaidi ya hesabu zozote, kwa sababu umeshajumuisha viyeyushi, anioni na mgandamizo wa fuwele.

Hatua ya tano: waachie metali na anioni waamue yaliyobaki

Ligandi nyumbufu haina msimamo wake, kwa hiyo msimamo lazima utoke kwingine. Paladiamu(II) hutoa mraba bapa, na nafasi mbili za jirani zikizibwa kwa ethilinidiamini hubaki kona ya digrii 90. Shaba(I) hupendelea tetrahedroni. Zinki na kadimiamu, ambazo orbitali zake za d zimejaa elektroni, hazina upendeleo mkali, hivyo hukubali nafasi nne, tano au sita. Kuziunganisha na ligandi nyumbufu ni kuacha milango miwili wazi kwa wakati mmoja. Fedha(I) huanza na mstari wa nafasi mbili, lakini hupanda hadi tatu au nne bila shida.

Anioni huamua ni nafasi ngapi zitabaki kwa ligandi. Nitreti na kloridi hushika metali, hivyo hupunguza nafasi. Tetrafluoroboreti na trifluoromethanisalfoneti hukaa pembeni kwa kawaida. Heksafluorofosfeti nayo hukaa pembeni, ila huweza kuvunjwa na maji na kuachia fluoridi, ambayo kisha hujitokeza ndani ya fuwele bila kualikwa. Perkloreti ziepuke: michanganyiko yake na ligandi za oganiki inaweza kulipuka inapokaushwa au kukwaruzwa, na hakuna muundo unaostahili hatari hiyo ilhali tetrafluoroboreti ipo.

Mfano mmoja wa mwaka 1997 unafaa kukaa kichwani mwa kila anayeingia katika fani hii. Kundi la Michael Zaworotko lilichanganya nitreti ya kobalti na 1,2-bis(4-piridili)ethani kwa uwiano wa moja kwa moja na nusu. Nitreti mbili hujishikiza kwenye kobalti, na nafasi tatu zinazobaki hutengeneza kituo chenye umbo la herufi T. Kutoka katika fomula hiyohiyo walipata zaidi ya muundo mmoja, ikiwemo ngazi ya molekuli, kwa sababu ligandi iliweza kunyooka au kupinda. Kwa hiyo fomula sahihi, hata ikithibitishwa na uchambuzi wa elementi, haithibitishi umbo.

Kuongeza ligandi ya pili iliyo kakamavu, kama vile terefthaleti, ni njia nzuri ya kumtuliza mshirika mnyumbufu. Kaboksileti husawazisha chaji ya zinki au kadimiamu, huondoa haja ya anioni nyingine, na huweka tabaka lenye vipimo vinavyotabirika, kisha ligandi nyumbufu huunganisha matabaka hayo.

Hatua ya sita: tengeneza ligandi, kwa mfano wa bix

Mmenyuko wenyewe ni rahisi: imidazoli hufukuza bromini mbili kutoka kwenye α,α'-dibromo-p-zailini. Tatizo ni kwamba imidazoli ina nitrojeni mbili. Ya pili ikishambuliwa pia, utapata chumvi za imidazoliamu na vipande vya polima ambavyo haviwezi kuwa daraja. Ulinzi ni imidazoli ya ziada, besi, na kuingiza dibromidi polepole ili kila molekuli yake ikutane na imidazoli nyingi ambazo hazijashambuliwa.

Kabla ya kufungua chupa, fahamu kwamba dibromidi hii humtoa mtu machozi kwa ukali na huunguza ngozi. Fanya kazi yote ndani ya kabati la kuvuta hewa, vaa glavu na miwani, na osha vyombo ndani ya kabati hilohilo.

Weka gramu 2.72 za imidazoli (milimoli 40) na gramu 5.5 za kaboneti ya potasiamu iliyosagwa na kukaushwa katika mililita 80 za asetonitrili. Chemsha huku kondensa ikirudisha mvuke na kikorogeo cha sumaku kikizunguka. Yeyusha gramu 2.64 za dibromidi (milimoli 10) katika mililita 40 za asetonitrili, na idondoshe ndani kwa muda wa saa moja hivi. Endelea kuchemsha kwa saa 24. Chuja kungali moto ili kuondoa bromidi ya potasiamu, vukiza kiyeyushi kwa ombwe, osha masalio kwa maji baridi machache ili kuondoa imidazoli iliyobaki, kisha yayeyushe katika maji ya moto kidogo iwezekanavyo na uache yapoe taratibu. Bix hutoka kwa maji kama fuwele zenye molekuli mbili za maji.

Maji hayo mawili yana maana katika mizani. Uzito wa molekuli ya bix kavu ni 238.3, na wa ile yenye maji ni 274.3. Ukipima ya pili ukidhani ni ya kwanza, utakosea uwiano kwa asilimia 13, na katika ligandi inayoweza kutoa miundo tofauti kwa uwiano tofauti, kosa hilo linatosha kukupa fuwele ya kitu kingine.

Katika NMR ya protoni (kipimo cha mwitiko wa viini vya atomu ndani ya sumaku), methilini za bix huonekana kama kilele kimoja karibu na 5.1 ppm, zikiwa zimehama kutoka takriban 4.5 ppm katika dibromidi. Vilele vidogo vya imidazoliamu hujitambulisha kwa protoni iliyo kati ya nitrojeni mbili, ambayo hupanda hadi juu ya 9 ppm. Vikiwepo, safisha tena. Spektra ya masi itoe ioni ya 239.

Hatua ya saba: kuza fuwele

Myeyusho wa metali na wa ligandi nyumbufu ukimiminwa pamoja kwa ghafla, mara nyingi utatoa unga. Icheleweshe ili isikutane haraka. Kwa fedha na bix, yeyusha miligramu 17 za nitreti ya fedha (milimoli 0.10) katika mililita 3 za maji na uziweke chini ya bomba jembamba la majaribio. Juu yake teremsha polepole, kupitia ukuta wa bomba, mililita 3 za mchanganyiko wa maji na methanoli nusu kwa nusu. Tabaka la juu liwe miligramu 41 za bix yenye maji (milimoli 0.15) katika mililita 3 za methanoli. Maji yakiwa mazito kuliko methanoli, matabaka hukaa yenyewe. Ziba, funika kwa karatasi ya alumini kwa sababu fedha huharibiwa na mwanga, na weka mahali pasipotikisika kwa wiki kadhaa.

Uwiano wa mbili kwa tatu haukuchaguliwa ovyo. Mwaka 1997 Bernard Hoskins, Richard Robson na Damien Slizys wa Chuo Kikuu cha Melbourne waliripoti muundo wa Ag2(bix)3(NO3)2. Ndani yake ligandi moja hufanya kazi mbili tofauti: bix mbili hujikunja na kufunga fedha mbili ndani ya kitanzi, na bix ya tatu hubaki kama fimbo inayounganisha kitanzi hadi kitanzi. Kisha fimbo za mnyororo mmoja hupenya ndani ya vitanzi vya mwingine, na mtandao mzima unashikamana kwa kupenyezana. Ligandi kakamavu isingeweza kugawana majukumu hivyo. Robson alikuja kupata Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 2025 pamoja na Susumu Kitagawa na Omar Yaghi kwa kazi ya mitandao ya metali na oganiki.

Ikiwa unataka vitu vyenye mwisho ndani ya myeyusho, kigezo chako kikuu ni ukolezi. Mwaka 1994 kundi la Makoto Fujita huko Japani lilionyesha hili kwa paladiamu yenye ethilinidiamini na ligandi yenye piridini mbili zilizounganishwa kupitia methilini kwenye pete ya benzini. Katika maji yenye ukolezi mdogo, vitanzi vilikaa kimoja kimoja. Ukolezi ulipoongezwa, viwili viwili vilipenyezana. Maji yalisaidia, kwa sababu pete za benzini hukimbilia kujazana ndani ya vitanzi ili kuyaepuka. Kanuni ya jumla ni kwamba myeyusho mwepesi hupendelea vitanzi vidogo, na mzito hupendelea minyororo na miundo iliyopenyezana, hivyo jaribu angalau viwango vitatu vya ukolezi vinavyotofautiana mara kumi kabla ya kusema kwamba ligandi yako imeshindwa.

Kwa mitandao ya zinki au kadimiamu yenye kaboksileti, otoklevu (chombo cha chuma kinachohimili shinikizo) ndogo yenye ndani ya Teflon kwenye joto la digrii 120 hadi 160 ndiyo njia iliyozoeleka. Usiijaze zaidi ya theluthi mbili, na iache ipoe kwa digrii 5 kwa saa au polepole zaidi. Ukitumia dimethilifomamidi, kumbuka kwamba huvunjika kwa joto na kutoa dimethiliamini pamoja na fometi, na fometi ni ligandi ya daraja yenye bidii kuliko unavyodhani. Fuwele nzuri zisizo na rangi zinazotoka kila mara, bila kujali ligandi uliyoweka, karibu zote ni za fometi.

Hatua ya nane: thibitisha

Eksirei ya fuwele moja ndiyo hakimu, nayo inafaa kufanywa kwenye joto la kelvini 100, kwa sababu methilini huyumba na kuonekana katika nafasi mbili. Kwa wengi wetu Afrika Mashariki mashine hiyo iko safari ndefu kutoka maabara, pengine nchi nyingine, kwa hiyo fuwele zisafirishwe ndani ya myeyusho wake wa asili, kwenye chupa ndogo iliyojaa hadi juu bila povu la hewa, pamoja na orodha ya kila elementi iliyomo. Zikikauka njiani, fuwele za ligandi nyumbufu hupasuka kabla hazijafika.

Fuwele moja haiwakilishi chupa nzima. Pima unga wa chupa yote kwa eksirei ya unga, kisha ulinganishe na mchoro unaokokotolewa na programu ya Mercury kutoka kwenye muundo wa fuwele moja. Vilele vya ziada vinamaanisha kuna muundo wa pili, jambo ambalo kwa ligandi hizi ni la kawaida na linastahili kuripotiwa badala ya kufichwa. Uchambuzi wa uzito kwa joto utakuambia kiyeyushi kilichomo, na uchambuzi wa elementi utathibitisha uwiano. Kwa vitanzi ndani ya myeyusho, pima NMR ya usambaaji katika ukolezi tofauti. Kasi ya usambaaji ikishuka sana ukolezi unapopanda, zaidi ya inavyoweza kuelezwa na mnato wa myeyusho, una mchanganyiko unaobadilika na huna kitanzi kimoja.

Muundo ukitoka tofauti na ulivyokusudia, badilisha kitu kimoja kwa wakati, na kwa mpangilio huu: ukolezi kwanza, kisha anioni, kisha kiyeyushi, kisha metali. Ligandi ibadilishwe mwisho, kwa sababu ndiyo iliyokugharimu muda mwingi zaidi. Ikilazimu, ongeza methili karibu na bawaba au hamisha mkono kutoka 1,4 kwenda 1,3, ukiacha atomu zinazoshika metali kama zilivyo, ili tofauti yoyote utakayoiona iweze kuhusishwa na uti wa kati peke yake.